Kinyaa cha Mwasiti

Haya hayajatokea bado, kwa hiyo asije mtu akabisha kwamba alikuwapo na hayakuwa hivi. Yatatokea Kirondo, mji mdogo ulio nyuma ya vilima vya Kondoa, katika miaka ambayo mvua itakuwa imeshahama bila kumuaga mtu. Lakini mambo yajayo yanasimulika vizuri zaidi yakivalishwa nguo za yaliyopita, basi na yavalishwe.

Kila asubuhi, jua likishapanda kilima na magamba ya vioo yakishaanza kung'aa, watu wa Kirondo walipanga ndoo zao mbele ya tangi kuu wakamsubiri Mwasiti Ngoda aje anywe. Bomba halikufunguliwa kabla yake. Alikuja na bakuli lake mwenyewe la kaure, kwa kuwa bakuli la mtu mwingine hakuliamini, akalinusa, akakinga maji, akayanusa na maji, kisha akanywa mpaka tone la mwisho huku mji mzima ukitazama koo lake likipanda na kushuka. Akishameza alitulia kidogo, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni ndani ya nyumba. Halafu alisema neno moja tu, "Yameshuka," na hapo ndoo zikaanza kugongana.

Kazi hiyo hakuiomba. Alipewa kwa sababu ya kinyaa chake, ambacho kilijulikana mpaka Babati. Akiwa msichana alimkataa mchumba mzima, mwenye duka na meno yake yote, kwa kuwa alimwona akipenga kamasi kwa vidole viwili na kuvifuta kwenye mpera; na mapera ya mti ule hakuyala tena, wala ya miche iliyotokana na mti ule. Harusini alikwenda na chakula chake kwenye kifuko. Inzi akitua kwenye uji wa nyumba ya pili, Mwasiti aliusikia mguu wake. Sasa halmashauri ya mji ilipoona kwamba maji ya magamba yanatoka meupe kama kioo na hakuna mtu anayeyagusa, wakubwa wakakuna vichwa, mwisho mmoja wao akasema: tumpate Mwasiti. Yule akinywa, nani atabaki na sababu?

Na sababu za kutokunywa zilikuwepo, tena zilinuka. Magamba yalikuwa vioo vilivyolazwa mteremko mzima wa kilima, vyekundu kama maini, na maji yalipita juu yake taratibu kama jasho mgongoni. Yaliingilia juu, mahali palipoitwa Kinywa: birika la zege lenye mfuniko, ambamo mabomba ya kila choo na kila karo ya mji yalimwaga, na wasio na bomba wakapeleka kwa ndoo. Humo mlikuwa na mavi, mikojo, damu ya machinjioni, makombo ya pombe iliyochacha, maji ya vyombo yenye mafuta yaliyoganda. Mchana wa jua kali birika lile lilicheua.

Injinia Ndekirwa, kijana wa Kipare aliyeyaleta magamba, alimweleza Mwasiti siku ya kwanza jinsi yanavyofanya kazi, naye akaelewa kuliko alivyopenda. Ile rangi ya maini ni kutu, alisema, kutu ya chuma iliyochanganywa na kutu ya metali nyingine iitwayo titani. Lakini si kutu ya debe bovu. Imeoteshwa ikawa vinyweleo, vidogo kiasi kwamba vya kipande cha ukubwa wa sahani, ukivinyoosha vyote kwa pasi, vitafunika uwanja wa mnada. Mwanga ukipiga kinyweleo, elektroni moja inaruka na kuacha tundu. Tundu hilo lina njaa. Maji yakiwa safi, tundu linamdaka yule yule aliyeruka, na kazi yote inakuwa bure. Maji yakiwa machafu, tundu linaung'ata uchafu ulio karibu, linautafuna vipande, na vipande vya vipande, mpaka unabaki maji na hewa. Elektroni, kwa kuwa nyumbani hakuna tena anayemwita, anazurura mpaka anakutana na maji, anayapasua, na haidrojeni inatoka ikipiga mapovu. Maji yanakwenda tangini, haidrojeni inakwenda majikoni.

Kwa hiyo kadiri mji ulivyoleta uchafu ndivyo moto wake ulivyosimama, na Kirondo ilibadilika tabia. Mgeni aliyekula kwako kisha akaenda kujisaidia kwa jirani alisemwa mtaa mzima. Walevi walianza kuheshimiwa. Maji ya udhu ya msikitini yalirudishwa kutoka Kinywani kwa kuwa ni safi mno, hayana faida, na sheikh alikasirika wiki nzima asijue amkasirikie nani.

"Leo nimekuletea ya Kigogo, bibi," Mzee Chidawali alimwambia asubuhi moja, akiweka ndoo yake tupu kwenye mstari. Alikuwa mtani wake, naye mtani hana breki. "Ya uwele na maziwa mgando. Kesho ukinywa utaanza kuimba vizuri."

"Ndiyo maana tangu juzi nasikia harufu ya ng'ombe," Mwasiti alijibu, akanywa, akatulia. "Yameshuka."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka sana. Kila asubuhi alikuwa akifunga mlango mmoja ndani ya kichwa chake ili aweze kumeza, na nyuma ya mlango ule kulikuwa na birika lile likicheua. Aliufunga kwa ajili ya Sauda. Sauda alikuwa binti yake wa pekee, na alikufa enzi za maji ya lambo, mwaka ule wa kuhara, alipotapika na kuharisha usiku na mchana mpaka akabaki mwepesi kama kanga iliyokauka kwenye kamba. Mwaka ule makaburi yalichimbwa kabla hayajapata wenyewe. Tangu magamba yaje, Kirondo haikuwa imezika mtoto kwa tumbo. Ndiyo maana Mwasiti alikuwa anakunywa.

* * *

Bi Chausiku, mama yake mdogo aliyemlea, alifariki siku ya jua kali, asubuhi, akiwa ameshikilia kikombe cha chai. Mwasiti alikuwa ameshatoka tangini. Alimfumba macho, akamfunga kidevu, akaita watu.

Siku hizo maiti hawakuoshwa tena majumbani. Zamani ulichimbwa ufuo chumbani, chini ya kitanda cha kuoshea, na maji yote yaliyomgusa marehemu yakaingia humo, yakafukiwa kwa udongo ule ule uliochimbwa. Hakuna aliyeyaona tena, hakuna aliyeyakanyaga. Lakini halmashauri ilijenga nyumba ya josho karibu na makaburi, yenye vigae vyeupe na sakafu inayoteremka, na watu wakashukuru, maana kuchimba ndani ya nyumba ya sakafu ni taabu.

Bi Zamoyoni, mwosha maiti, ndiye aliyeongoza. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye mikono inayojua kazi yake. Alimwomba Mwasiti amwagie maji naye apitishe kitambaa chini ya shuka. Akalikanda tumbo polepole, kama inavyotakiwa, na kilichotoka kikatoka. Mwasiti, aliyekuwa akihama jamvi mtu akikohoa, alishangaa kujiona hahami. Hakuona kinyaa hata chembe. Mwili ule ulimbeba, ulimnywesha uji kwa kijiko, ulimfuta yeye mengi kuliko haya. Aliosha kwa majani ya mkunazi, akaosha tena, na mara ya mwisho akamwaga maji ya kafuri, na chumba kikanukia ubaridi.

Ndipo aliposikia sakafu ikikoroma. Maji yalikuwa yamejikusanya kwenye tundu pembeni, yakazunguka, yakabeba jani moja la mkunazi, yakazama.

Alimuuliza Bi Zamoyoni yanakwenda wapi.

"Chini, mwanangu," Bi Zamoyoni alisema bila kuinua macho. "Zamani tulichimba. Siku hizi wametutobolea."

Baada ya mazishi, uani kwa marehemu, Siwema alishika sufuria. Siwema alikuwa jirani na shoga wa Mwasiti tangu unyago, mpishi wa shughuli zote za mtaa, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Moto wa haidrojeni hauonekani mchana, kwa hiyo kila jiko la Kirondo lilikuwa na waya uliochovywa chumvi ili mwali upate rangi ya njano na mtu asiungue kwa kutouona. Jioni hiyo waya zote zilikuwa zikiwaka mpaka juu, na sufuria la wali lilitokota kama linasemeshwa.

"Msiba nao una heri yake," Siwema alimwambia, akikwepesha nyusi zisiungue. "Hujawahi kuona, shoga? Kila tukizika, moto unasimama hivi. Hata alipokufa mama yangu ilikuwa vivyo hivyo, wali uliungua."

Alisema tu, kama mtu anavyosemea hali ya hewa. Mwasiti alikuwa na ungo wa mchele magotini, akichambua mawe. Mkono wake ukasimama juu ya mchele.

Aliuweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri, akatoka nje akaelekea kilimani.

* * *

Injinia Ndekirwa alikuwa akiyapangusa magamba kwa brashi yenye mpini mrefu. Alipomwona mfiwa anakuja peke yake alishuka haraka, akampa pole, akamwambia kwamba hata kesho angepumzika, yeye angewaeleza watu. Mwasiti alimwomba amfungulie mifuniko ya chemba kuanzia nyumba ya josho.

Injinia alidhani ni huzuni, akamfuata. Chemba ya kwanza, nyuma ya ukuta wa vigae, Mwasiti aliinama akavuta pumzi, naye hakuwa mtu wa kuinamia chemba. Kafuri. Wakaenda ya pili, njia panda ya sokoni, ambako maji ya machinjioni yalikuwa yakiingia na mafunza yakielea. Aliziba mdomo, akavuta kwa pua. Chini ya damu, chini ya mavi ya mji mzima, ubaridi ule ulikuwepo, mwembamba kama uzi. Injinia alinusa naye, akasema yeye anasikia chemba tu. Ya tatu ilikuwa mlangoni mwa Kinywa. Mwasiti hakuinama. Ubaridi ule ulimfikia akiwa wima.

Ndekirwa alikuwa ameshaelewa. Alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili.

Hakuficha. Mchoro aliuchora yeye mwenyewe, alisema. Agizo la halmashauri lilikuwa kila bomba la majitaka lielekee Kinywani, lisipotee hata tone, na yeye alipoiona nyumba ile kwenye ramani aliona tundu la maji na akaliunganisha, kama alivyounganisha ya hoteli na ya shule. Kwao, upande wa kanisani, marehemu anafutwa kwa kitambaa hospitalini, wanafamilia hawajui hata ndoo ilimwagwa wapi. Haikumpitia akilini kwamba kuna maji yenye mwenyewe. Na waliomwajiri, waliooshana na kuzikana kwa ufuo tangu babu zao, waliutazama mchoro ule mezani, wakasifu vigae, wakatia sahihi.

Kuhusu moto, ndiyo, alishangaa naye kuona gesi inapanda siku fulani. Mafuta, kafuri, mkunazi, magamba yanavipenda.

"Maji yanachukua muda gani?" Mwasiti aliuliza.

"Yakiingia mchana, yanashinda juani hadi jioni. Usiku yanachujwa." Alisita. "Asubuhi yako tangini, mama."

"Asubuhi ya kesho."

"Ya kesho."

Akamchukua hadi kwenye kibanda chake, akakinga maji kutoka mwisho wa mteremko, akayapima mbele yake kwa kile kijisanduku chake chenye taa. Hamna kitu, alisema. Si kidudu, si chumvi mbaya, si harufu. Alimsogezea glasi. Mwasiti alinusa, na kweli, uzi ule ulikuwa umekatika. Pua yake haikukuta chochote, na hilo lilimtisha zaidi ya chemba zote tatu. Kupotea kabisa, mtu mzima na kikombe chake cha chai, kati ya adhuhuri na magharibi.

"Mama, nisikilize," Ndekirwa alisema. "Bomba nalikata leo hii hii. Halitaunganishwa tena, nakuahidi. Kesho njoo unywe kama kawaida. Hakuna atakayedhurika, kwa sababu hakuna kilichobaki humo. Lakini ukiwaambia, watalikimbia tangi. Na wakilikimbia watakwenda wapi? Watakwenda lambo. Wewe unajua lambo kuliko mimi."

Alilijua. Alikaa kwenye kiti cha Injinia, jambo ambalo siku nyingine asingelifanya kabla hajakipangusa.

Ndekirwa alikuwa na hoja, na alizisema kwa adabu. Maji yote duniani yameshapita ndani ya mtu fulani aliyekufa. Hata ufuo, mama, udongo unayanywa, yanateremka, mwisho yanafika kisimani. Tofauti iko wapi?

"Udongo hauna haraka," Mwasiti alisema. "Unakaa naye mpaka jina lake lisahaulike. Nyinyi mnamrudisha kesho yake asubuhi, bado tunamlilia. Na jioni tumeshampikia wageni wali kwa moto wake."

Injinia alirudia tu, kwa sauti ya chini, kwamba watoto wa mji huu wanaishi.

Mwasiti akarudi msibani kabla giza halijaingia. Njiani hakuwahesabu marehemu, lakini walikuja wenyewe, kila mmoja na sura yake: mama yake Siwema, mwalimu Ramadhani wa madrasa, yule dereva aliyegongwa na trekta, mapacha wa Busi waliozaliwa wakiwa wameshalala. Wote alikuwa amewanywa, kwenye bakuli lake safi la kaure, na baada ya kila mmoja wao aliwaambia watu kwamba yameshuka. Walimchagua kwa sababu ya kinyaa, aliwaza. Wangetaka ulimi wangechukua wa mtu yeyote. Akinywa kesho huku amekiziba kinyaa mdomo, atakuwa amewapa koo tu, na koo hata mbuzi analo. Akisema, huenda akamwua mtoto wa mtu kama alivyouawa Sauda.

Alilala kwenye jamvi kati ya wanawake waliokuwa wakikoroma, na sauti ile ya kukoroma ikawa ile ile ya sakafu.

* * *

Asubuhi watu walimpisha kwa heshima, wakampa pole, wakamwambia asingekuja. Mzee Chidawali alikuwa amejiandaa. Utani wa msibani ni haki ya mtani, na alikuwa tayari amejifunga kanga ya marehemu kiunoni, akitangaza kwamba Bi Chausiku amemwachia yeye mali yote na madeni amemwachia Mwasiti. Watu walikuwa wakicheka.

Mwasiti alikinga maji. Hakunywa. Aligeuka akawaambia.

Hakupamba. Alisema nyumba ya josho iliunganishwa na Kinywa tangu ilipojengwa. Alisema bomba limekatwa jana jioni na Injinia, yule pale, aulizwe. Alisema maji haya yamepimwa na hayana kitu, na pua yake imetafuta na haikupata. Alisema lambo bado lina kile kilichomwua Sauda, asiende mtu huko. Kisha akasema jambo la mwisho.

"Lakini haya ya leo yamepita kwa mama yangu mdogo. Nilimwosha kwa mikono hii. Ninyi mna haki ya kujua kabla hamjakinga, kama mimi nilivyojua kabla sijanywa."

Akanywa. Yalikuwa ya baridi na hayakuwa na ladha yoyote. Alimeza kama anavyomeza mtu aliyeshikwa pua, mpaka tone la mwisho, na hakusema neno lake.

Hakuna aliyelisubiri. Mwanamume mmoja alikuwa akitema mate, anatema na kutema, kama mtu aliyemeza nywele. Mwanamke alijisugua ulimi kwa pindo la kanga mpaka ukatoka damu. Mtu mmoja alianza kutaja majina, akiuliza nani alikufa mwezi gani, na mwenzake akamwambia anyamaze. Mzee Chidawali alifungua ile kanga kiunoni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ukuta. Ndoo ziliokotwa moja moja zikaondoka tupu. Baadhi zilishika njia ya nyumbani. Nyingi zilishika njia ya lambo.

Mwasiti aliwafuata kwa macho. Mbele ya wote walikuwa wanawake wenye watoto migongoni.

* * *

Mchana aliketi jamvini hali chakula. Bi Zamoyoni alikuja, akakaa kando yake, akalia kwa muda mrefu bila sauti, akaangalia mikono yake. Halafu akasema yeye ataanza tena kuchimba, hata kwa kucha, na akaondoka kwenda kutafuta jembe. Huyo ndiye mtu pekee aliyeonekana kuumwa pale panapouma.

Alasiri wakaja Siwema na wanawake wengine wawili wa mtaa. Siwema alikuwa amebeba ndoo ya maji, na maji yalikuwa safi, na Mwasiti alipoyaona akajua hayakutoka lambo.

Walikuwa wamefika lambo, Siwema alieleza, akijipepea. Loo. Mmesahau lambo likoje? Kulikuwa na punda amekufa ndani, amefura, na vyura wamempanda mgongoni, na mtoto wa mtu alishachota. Wakamnyang'anya lile dumu wakalimwaga. Wakatazamana. Wakarudi tangini, bomba liko wazi, Injinia amesimama pale kama mtu anayesubiri kupigwa, wala hakuna aliyempiga. Wakakinga, wakafumba macho, wakanywa. Yalishuka, shoga. Mji mzima umekunywa.

Mwasiti alihisi mgongo wake ukilegea, kama mtu aliyetuliwa gunia. Hakuna mtoto atakayekufa. Amesema kweli, na hakuna mtoto atakayekufa. Alimshika Siwema mkono, na machozi ya Bi Chausiku, ambayo yalikuwa yamekwama tangu jana, yakaanza kuja.

Siwema naye akalia kidogo, kwa kumsindikiza. Kisha akajifuta, akawatazama wenzake, akasogea karibu.

"Sasa shoga, tumekuja kwa jambo. Usitufikirie vibaya, tunajua una msiba. Hilo bomba mmelikata. Sawa, mlifanya kwa nia njema. Lakini leo moto haujasimama kabisa. Chai haichemki. Na hawa wageni wako watakula nini?"

Mwasiti alimwachia mkono.

"Tumekaa kinamama, tukalitazama hili jambo. Magamba yanamaliza kila kitu, umesema mwenyewe. Na wewe, mwenye kinyaa chako, umekunywa huku unajua. Mbele yetu. Sasa sisi tutasema nini? Hata mama yangu alipita humo. Nimeshamnywa, nitafanyaje, nimtapike?" Alicheka kicheko kifupi, cha mtu anayejaribu mlango kama umefungwa. "Basi mwambie Injinia aliunganishe. Wewe atakusikiliza."

Mmoja wa wale wenzake akaongeza, taratibu, kama anayekumbusha jambo la sokoni, kwamba ingefaa liunganishwe mapema, maana kwa akina Ijengo yule mzee hali chakula tena, na mwili wake bado mkubwa.

Hapo ndipo tumbo la Mwasiti lilipogeuka. Si kwa chemba, si kwa birika, si kwa lile bakuli la asubuhi, bali kwa nyuso zile tatu za watu wema, anaowajua, wakisubiri jibu. Aliinama pembeni ya jamvi, mkono mmoja chini, na kila alichokuwa amekifungia nyuma ya mlango wake kwa miaka yote kikaja kwa pamoja.

Siwema hakumwacha. Alikuwa shoga wa kweli. Alimwaga yale maji safi uani kwa mkupuo mmoja, akamsogezea ile ndoo chini ya kidevu, akamshika mgongo kwa mkono wa upendo.

"Humu, shoga," alimwambia. "Humu. Usimwage chini."